Aliye Nyuma Yako Haoni Mguu Wako

Wanangu mafundi wa Mwanjelwa na Ipogolo, na ninyi madereva mnaobeba viazi na mbao kwa magari yaliyowazidi umri, nimekuja na neno lilelile. Najua mmelichoka. Hata mimi nimelichoka, ila sijapata ruhusa ya kuliacha, maana kila masika yakianza barabara hii hunirudisha kwenye jambo hilohilo. Neno lenyewe ni taa ya breki, na hasa kile kidude kidogo kinachoiwasha, swichi yake.

Mmefundishwa tangu utotoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa mambo mengi ni kweli. Kwa taa ya breki methali hiyo haifiki, kwa sababu huku asiyesikia hubaki na guu lake zima, akavunjika mwingine: kijana wa bodaboda aliyekuwa nyuma, mama aliyepanda kosta akiwahi mnada, utingo aliyelala juu ya magunia. Wewe uliyeshika usukani huioni taa yako. Ikifa, hupati taabu yoyote. Gari linawaka, linapanda, linasimama ulipotaka. Ndiyo maana huwa ya mwisho kutengenezwa: anayepaswa kuilipia siye anayeihitaji. Honi ikikataa kulia, dereva atasimama gereji siku hiyohiyo, kwa kuwa honi ni ya kwake. Taa ya breki ni ya mtu asiyemjua, na haki ya mtu usiyemjua ndiyo rahisi kuliko zote kuila.

Tena fikirini ni nani huyo aliye nyuma yenu. Hii barabara ya kutoka Iringa kwenda Mbeya mpaka Tunduma haijawahi kuwa ya wenyeji peke yao. Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilikosa njia ya kusini ya kupitishia mafuta. Malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam, yakipita kwetu huku kwenye tope na vumbi. Likaja bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968, ikaja lami, ikaja reli ya TAZARA katikati ya miaka ya sabini, na wengi tukadhani barabara sasa itapumzika. Haikupumzika. Leo makontena ya Zambia na ya Kongo yanapita usiku na mchana, lori moja likiwa na tani hamsini na zaidi. Katikati ya hayo malori ndimo ilimo Land Rover yako ya 109, yenye injini ya lita mbili na robo, imejaa viazi vya Isyonje, inashuka polepole. Lori linalokufuata kwa kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Dereva wake hana njia ya kujua kwamba umekanyaga isipokuwa zile taa mbili nyekundu. Ukungu wa Mufindi ukishuka, hata sura ya gari lako haioni. Anaona taa tu, au haoni kitu.

Basi tuzungumze kazi.

Magari ya zamani yana swichi za aina mbili, na fundi asiyejua ameshika ipi atahangaika bure. Ya kwanza ni swichi ya mafuta. Utaikuta kwenye Land Rover nyingi za Series I, Series II na IIA, na kwenye Volkswagen Beetle. Hii imekazwa ndani ya njia yenyewe ya mafuta ya breki: kwenye Land Rover iko chini kwenye chasisi, pale paipu zinapogawanyika, na kwenye Beetle iko kwenye masta silinda. Ukikanyaga pedeli, presha ya mafuta husukuma kiwambo chembamba kilichomo ndani, kiwambo kikasukuma kisahani cha shaba, kisahani kikaunganisha ncha mbili za umeme, na taa ikawaka. Ukiachia, springi hukirudisha kisahani, taa ikazima.

Ya pili ni swichi ya pedeli. Series III zinayo, na Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 40 zinayo. Hii haigusani na mafuta. Imefungwa juu karibu na mkono wa pedeli, na kwa kawaida kipini chake hubanwa pedeli ikiwa imetulia. Ukikanyaga, pedeli hukiachia kipini, kinachomoza, umeme unapita. Malori ya breki za upepo yana swichi inayosukumwa na upepo, lakini namna ya kuipima kwa umeme ni hiyohiyo nitakayoisema.

Sasa lipo jambo linalonichosha kuliko mengine yote. Gari linaletwa, taa ya breki haiwaki, na fundi kabla hajainama tayari ameshatuma kijana dukani akanunue swichi. Swichi mpya inafungwa, taa haiwaki. Inanunuliwa globu, haiwaki. Jioni mwenye gari ameshatoa hela ya spea tatu, na ugonjwa haujaulizwa unaitwaje. Kununua siyo kupima. Umeme haubahatishwi, unafuatwa hatua kwa hatua mpaka mahali ulipokatikia.

Anza na swali ambalo halina gharama: imekufa taa moja au zote mbili? Ikiwa moja inawaka, swichi ni nzima, iache. Ugonjwa uko kwenye taa ile iliyokufa. Toa globu uitazame. Globu ya kawaida ya nyuma ina nyuzi mbili, wa wati 5 kwa taa ya usiku na wa wati 21 kwa breki. Wa usiku unaweza kuwa mzima na wa breki umekatika, kwa hiyo usiridhike kwa kuwa taa inawaka usiku. Utaona pia kwamba vile vipini viwili vya pembeni haviko kwenye kimo kimoja. Vimefanywa hivyo makusudi, globu isiingie kinyume. Wako wanaoilazimisha kwa koleo mpaka iingie. Basi gari linatembea usiku kucha kana kwamba limekanyagwa breki, na likikanyagwa kweli, aliye nyuma haoni badiliko lolote.

Ikiwa globu ni nzima, tazama njia ya umeme kurudi, yaani ethi. Washa taa za usiku, kisha mwambie mtu akanyage breki. Ukiona taa inafifia badala ya kuongezeka, au indiketa inapata mwanga hafifu bila kuwashwa, usihangaike na swichi. Umeme umekosa njia ya kurudi na unajipenyeza kupitia uzi wa taa nyingine. Land Rover hupata sana ugonjwa huu kwa sababu bodi yake ni aluminiamu na chasisi yake ni chuma. Maji ya mvua za Tukuyu yakikaa kati ya metali hizo mbili, huota unga mweupe unaozuia umeme. Piga msasa mpaka metali ing'ae, au vizuri zaidi, vuta waya wa ethi kutoka kwenye taa mpaka kwenye chasisi safi. Ni kazi ndogo na haihitaji spea yoyote.

Ikiwa taa zote mbili zimekufa pamoja, ni nadra sana globu mbili kufa kwa wakati mmoja. Hapo rudi mbele. Washa funguo kwanza, maana kwenye magari mengi umeme wa breki hupita baada ya funguo. Nimewaona vijana wakipima nusu saa gari likiwa limezimwa. Kisha tazama waipa na geji ya mafuta. Kwenye magari mengi ya zamani ya Kiingereza, fyuzi moja huhudumia vyote hivyo pamoja na taa za breki. Vyote vikiwa vimekufa, nenda kwenye fyuzi. Na ukikuta mahali pa fyuzi pamefungwa waya au karatasi ya sigara, simamisha kazi umweleze mwenye gari, kwa sababu gari hilo siku moja litaungua na watu wake.

Fyuzi ikiwa nzima, sasa ndipo uifikie swichi. Chukua testa, kichwa chake kimoja kibane kwenye bodi, kingine gusa ncha za swichi. Funguo ikiwa imewashwa, ncha moja lazima iwe na umeme muda wote. Ikiwa hakuna ncha yenye umeme, swichi haina kosa, ni waya unaouleta umeme ndio umekatika. Ikiwa upande mmoja upo, mwambie mwenzako akanyage pedeli, kisha gusa ncha ya pili. Umeme ukipita, swichi ni nzima, na ugonjwa uko kwenye waya wa kwenda nyuma. Usipopita, chomoa zile nyaya mbili na uziunganishe zenyewe kwa kipisi cha waya. Taa zikiwaka, umemkamata mgonjwa: ni swichi. Kipisi hicho kiunganishe nyaya hizo mbili tu, kisiguse bodi, maana kikigusa bodi umepiga shoti.

Rangi za nyaya zitakusaidia, lakini usiziabudu. Kwenye magari ya Kiingereza, kijani ni umeme uliopita kwenye funguo na fyuzi. Kijani chenye mstari wa zambarau ndicho kinachotoka kwenye swichi kwenda kwenye taa za breki. Nyekundu ni taa za usiku, nyeusi ni ethi. Hivyo ndivyo Land Rover ilivyotoka kiwandani Solihull. Lakini gari la miaka hamsini limepita mikono mingi. Limeungwa waya wa redio, waya wa nyumba, hata waya wa simu za zamani. Rangi inaweza kudanganya, testa haidanganyi.

Na kwa Land Rover zilizotengenezwa kabla ya 1967 au karibu na hapo, tazameni betri kwanza. Nyingi kati ya hizo hufungwa upande wa chanya kwenye bodi, si hasi kama mlivyozoea. Globu ya kawaida haijali, itawaka vyovyote. Hizi za LED mnazonunua sokoni zinajali sana. Kijana anaweka LED kwenye gari la namna hiyo, haiwaki, anailaumu swichi, anabadilisha swichi nzima kwa sababu ya globu iliyopata umeme kinyume.

Tuseme sasa umepima kwa haki na swichi ndiyo mgonjwa. Ikiwa ni ya mafuta, nisikilize kwa makini, maana hapa mzaha huua.

Swichi ya mafuta haifi ghafla. Inazeeka. Kila taa inapowaka, wati 21 mara mbili kwenye umeme wa volti 12 ni ampea tatu na nusu zinazopita kwenye kile kisahani, na kila zinapokatwa huruka cheche. Miaka ikipita kisahani hufanya weusi, kiwambo hukakamaa. Swichi inakuwa kama mlinzi aliyesinzia: ukimgusa hashtuki mpaka umpige kofi. Dereva akikanyaga kidogo, taa haiwaki. Akikanyaga kwa nguvu zote, inawaka. Gerejini, mwenye gari anakanyaga kwa nguvu kumwonyesha fundi, taa zinawaka, wote wanaridhika. Lakini nani anakanyaga kwa nguvu akishuka Kitonga? Kule unagusa, unaachia, unagusa. Kwa hiyo kule milimani ambako taa inahitajika kuliko mahali pengine popote ndiko isikowaka. Ndiyo maana nasema swichi ya mafuta ipimwe kwa mguso mwepesi, gari likiwa limesimama, mtu akiwa nyuma anatazama. Ikihitaji nguvu, imekwisha, hata kama bado inawaka.

Baya kuliko hilo ni kuvuja. Kiwambo kikitoboka, mafuta ya breki hupenya upande wa umeme na kutokea pale waya ulipochomekwa. Vua kofia ya mpira uguse kwa kidole. Ukikuta unyevu, usimwambie mwenye gari kwamba taa yake ina tatizo. Mwambie breki zake zina tatizo. Hizo Land Rover za zamani zina njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Swichi ikitema, mafuta yote hutokea hapo na pedeli hukaa sakafuni. Dereva aliyedharau taa ya mtu wa nyuma anagundua, akiwa katikati ya mteremko, kwamba alikuwa amedharau breki zake mwenyewe. Hapo ndipo guu la methali linaporudi kwa mwenyewe.

Unapoibadilisha, nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Nyuzi zake za kukazia ndizo zinazotawala, siyo sura. Zipo zinazofanana kwa macho na hazifanani kwa nyuzi, na ukiilazimisha umeharibu kiungio ambacho huku kwetu hukipati kirahisi. Usizungushie ule utepe mweupe wa mafundi bomba. Vipande vyake hukatika vikaingia kwenye paipu, vikaziba. Safisha pale nje kabla ya kufungua, tope la Makete lisiingie ndani. Toa ya zamani, weka mpya kwa haraka, kaza kwa kiasi, ongeza mafuta, kisha toa upepo kwenye magurudumu yote. Fundi aliyebadilisha swichi ya mafuta bila kutoa upepo hajamaliza kazi, amehamisha ugonjwa kutoka kwenye taa kwenda kwenye breki.

Na ukiwa umefika hapo, mwaga mafuta ya zamani uweke mapya. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa ivumilie mpaka nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji, kiwango chake kinashuka mpaka nyuzi 140. Kwenye mteremko mrefu madramu hupata moto, mafuta yenye maji yanachemka, yanafanya mvuke, na mvuke haubebi presha. Presha isipokuwepo, breki hazishiki na swichi ya mafuta nayo haiwashi taa. Gari linakuwa halisimami na halisemi.

Swichi ya pedeli ina ugonjwa mwingine, ugonjwa wa kupangwa vibaya. Ina nati mbili za kuisogeza mbele na nyuma. Ukiiweka mbali na pedeli, kipini hakibanwi, taa zinawaka saa zote, na asubuhi betri imekufa. Ukiisukumia ndani kupita kiasi, pedeli inashuka mbali kabla kipini hakijachomoza, na taa inachelewa. Panga ili taa iwake pedeli ikishaanza tu kushuka, kabla breki hazijashika. Lakini lipo kosa la tatu, na hilo wengi hawalijui. Swichi ikisukumwa sana hadi inaizuia pedeli isirudi mpaka mwisho, masta silinda haifungui tundu lake la kurudishia mafuta. Presha inabaki kwenye paipu, breki zinashika zenyewe kidogo kidogo, madramu yanapata moto, gari linakuwa zito. Dereva analalamika injini haina nguvu, na fundi anafungua kabureta. Kumbe ni nati ya swichi ya taa. Baada ya kupanga swichi, hakikisha pedeli ina mchezo wake wa juu, na zungusha magurudumu kwa mkono kabla ya kushusha jeki.

Mkitaka swichi ya aina yoyote iishi, fungeni rilei. Umeme mkubwa wa taa upite kwenye rilei, ukitoka kwenye betri kwa fyuzi yake yenyewe, na swichi ibaki na kazi ya kuamsha rilei tu, kwa umeme ambao haufiki hata nusu ampea. Anayevuta tela alifanye hili leo, maana globu nne za wati 21 ni ampea saba, na swichi ya zamani haikutengenezwa kwa mzigo huo.

Nimesema ya ufundi, sasa niseme ya ujanja, nalo ndilo linaloniumiza zaidi.

Mwenye gari anakuja, anakuambia: “Fundi, niwekee tu iwake, trafiki asinisumbue.” Nawe kwa kuwa unahitaji hela ya chakula, unaunganisha zile nyaya mbili moja kwa moja na kuzifunga kwa utepe. Taa zinawaka tangu funguo inapowashwa. Kwenye kizuizi gari linapita, maana taa zinawaka. Lakini taa inayowaka saa zote haimwambii mtu lolote. Aliye nyuma anaizoea baada ya kilomita moja, na ukikanyaga kweli hana habari. Wengine wanafunga swichi ya kubofya kwenye dashibodi, ati dereva aiwashe kwa mkono akipiga breki. Nionyesheni dereva ambaye mtoto akikatiza barabara pale Uyole atakumbuka kubofya kabla hajakanyaga. Wengine wanabandika utepe unaong'aa wakasema inatosha. Utepe unasema gari lipo. Hausemi gari linasimama.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ipo, na trafiki yupo kwa ajili yake. Lakini trafiki utampita dakika mbili. Yule wa nyuma utakuwa naye kutoka Mafinga mpaka Makambako. Ukimdanganya trafiki umekwepa faini. Ukimdanganya yule wa nyuma umemwekea mtego, na umemlipisha yeye hela uliyobana wewe. Msikitini na kanisani tunaambiwa jirani ana haki. Barabarani jirani yako ni yule ambaye maisha yake yanategemea mguu wako na haoni mguu wako.

Nanyi wenye magari, msijifiche nyuma ya mafundi. Tunapenda magari yetu ya zamani, na tuna haki ya kuyapenda. Oktoba 2024 Arusha ilipojaa Land Rover za kila umri kwenye tamasha lao, hata wazee tulioketi huku kusini tulitazama picha kwa furaha. Lakini naona mtu anapiga rangi mpya, ananunua matairi makubwa, anaweka taa za mbele zinazoumiza macho ya watu, na nyuma ana globu moja inayopepesa. Vyote alivyonunua ni vya kutazamwa. Kilichoachwa ni kile cha kuokoa mtu. Fundi akikutajia gharama ya kupima umeme, usimwambie kwamba hajabadilisha kitu chochote. Amekulipisha kwa kujua, na kujua kumekuokoa na spea tatu usizozihitaji.

Madereva, kuna jambo ambalo hata swichi mpya haitawafanyia. Mmefunzwa vyema kushuka milima kwa gia nzito ili injini ishike gari, na mfanye hivyo hivyo. Lakini gari likipunguzwa na injini, taa ya breki haiwaki. Gari linapungua kasi na nyuma kuna giza. Basi unapoingiza gia ndogo pale juu ya Kitonga au ukianza kuteremkia Mbalizi, gusa pedeli kidogo, mara mbili, aliye nyuma apate habari. Haichoshi breki kitu. Na gari likiharibika kabisa, zile pembetatu zenu zitoeni nje. Matawi ya miti tunayokata na kuyatandaza barabarani ni desturi ya uungwana, lakini usiku wa ukungu jani halina mwanga.

Nanyi vijana mnaojifunza, iwe ni VETA au chini ya mparachichi kwa fundi wenu, msione aibu kushika kazi ndogo. Kila mtu anataka kufungua injini, kwa sababu injini ikiwaka watu wanakupigia makofi. Taa ya breki ikiwaka hakuna wa kukupigia makofi, hata aliyeokolewa nayo hatajua kwamba aliokolewa, wala kwamba kuna kijana wa Mwanjelwa aliyepiga msasa ethi yake siku ile. Fanyeni hivyo hivyo. Kazi isiyo na shahidi ndiyo inayompima fundi.

Sina zaidi. Kesho asubuhi, kabla hujapakia mzigo wala abiria, mwite mtu asimame nyuma ya gari lako. Kama hakuna mtu, rudisha gari karibu na ukuta utazame wekundu kwenye kioo. Washa funguo. Gusa pedeli kwa wepesi, siyo kwa nguvu. Achia. Gusa tena. Taa zisipowaka zote mbili, au zisipozima zote mbili, gari hilo halijawa tayari kuondoka. Litengeneze kwanza.